Miaka hamsini baada ya mtunzi kufa ni mingi mno

Miaka ya 1980 mji wa Iringa ulikuwa na bendi ya kiwanda. Kampuni ya umma ya kuchonga almasi, Tancut, ilimiliki Tancut Almasi Orchestra, na ndani yake walikuwamo mapacha kutoka Zaire, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, ambao sauti zao hadi leo hazikosekani kwenye vipindi vya zilipendwa. Bendi ilisambaratika zamani. Nyimbo zimebaki. Nenda Mwanjelwa hapa Mbeya, kwa vijana wenye kompyuta mezani wanaoingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi, umwambie mmoja akuwekee za zamani. Hatakuuliza jina la wimbo. Ana folda nzima, ataihamisha yote kwa mpigo, na Tancut watakuwemo humo katikati ya bendi nyingine, majina ya nyimbo yamekosewa, mtunzi hajatajwa popote.

Hiyo ndiyo njia ya wizi, na ni rahisi. Sasa tujaribu njia ya halali. Tuseme mwalimu wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa anatengeneza filamu fupi kuhusu enzi za viwanda vya Iringa na anataka wimbo mmoja tu wa bendi ile usikike nyuma ya picha. Amwombe nani ruhusa? Mtunzi au warithi wake wana haki. Mwajiri aliyekuwa akilipa mishahara ya wanamuziki anaweza kudai ana haki, na huyo ni kampuni ya umma ambayo kumpata mtu wa kuijibia barua ni kazi ya mwaka mzima. Redio ya taifa, ambayo studio yake ndiyo iliyorekodi bendi nyingi za wakati ule, nayo ina kanda na inaweza kusema ni zake. Mwalimu wetu, akiwa mtu mwenye staha, ataacha. Filamu itapigwa kinanda cha kompyuta.

Sheria yetu, yaani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, Sura ya 218, inalinda kazi ya mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Piga hesabu. Kijana aliyetunga wimbo mwaka 1987 akiwa na umri wa miaka 25, akijaliwa kufika miaka 75, atafariki mwaka 2037, na wimbo wake utabaki umefungwa hadi mwisho wa 2087. Ni miaka mia moja kamili tangu uimbwe. Watoto wake watakuwa wamezeeka au wamekufa, wajukuu watakuwa watu wazima waliotawanyika kila mkoa, na sheria itakuwa bado inamwambia mwalimu wa Iringa: katafute ruhusa.

Nasema bila kuzungukazunguka kwamba muda huu ni mrefu kupita kiasi. Ninaamini mtunzi alindwe kwa nguvu zote akiwa hai, kwa nguvu kuliko anavyolindwa leo. Ninaamini mjane na watoto wake wapate riziki kutokana na jasho lake. Kinachonishinda kukubali ni haki ya kumzuia kila mtu, kwa nusu karne, baada ya mwenye kazi kuzikwa. Na ninaamini Tanzania ina nafasi ya kulirekebisha jambo hili kwa kazi za Watanzania wenyewe, kuliko wengi wanavyodhani.

Turudi mwanzo kidogo, kwa sababu muda huu haukushushwa kutoka mbinguni. Sheria ya kwanza ya hakimiliki ya namna tunayoijua ilitungwa Uingereza, ikaanza kazi mwaka 1710. Kitabu kipya kililindwa miaka 14, na kama mwandishi alikuwa bado hai muda ukiisha, aliongezewa mingine 14. Basi. Marekani nao walipotunga sheria yao ya kwanza mwaka 1790 walichukua hesabu ileile ya 14 na 14. Wakati huo kuchapa kitabu kulimaanisha kupanga herufi za chuma moja moja kwa mkono na kukisambaza kwa farasi na mashua, na bado waliona miaka 28 inatosha mtu kurudisha gharama na kupata faida. Leo wimbo unafika Tunduma, Njombe na Makambako dakika ileile unapotolewa, lakini muda wa hifadhi umerefushwa mara nyingi zaidi.

Kurefushwa huko kulikuja kwa mikataba. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi zinaahidiana kulinda kazi za watunzi wao, ulianza bila kulazimisha muda. Nchi wanachama walipokutana Berlin mwaka 1908 walipendekeza maisha ya mtunzi na miaka 50. Walipokutana Brussels mwaka 1948 wakaifanya 50 kuwa lazima kwa kila mwanachama. Mwaka huo Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Waingereza, na hakuna Mtanganyika aliyeulizwa. Tulijiunga na mkataba mwaka 1994, tukaikuta hesabu imekwishafungwa. Ulaya nayo haikutosheka na 50: mwaka 1993 Umoja wao ulipanda hadi 70, ukieleza kuwa muda wa awali ulikusudiwa umfae mtunzi na vizazi viwili vinavyomfuata, na kwa kuwa watu sasa wanaishi zaidi, 50 haitoshi. Mimi hoja hiyo naisoma kinyume. Kama watu wanaishi zaidi, basi mtunzi mwenyewe anaishi zaidi, na hifadhi yake tayari imerefuka pamoja na umri wake bila kuongezewa hata siku moja ya kaburini.

Kisha Marekani, mwaka 1998, wakafika 70 nao, na kwa kazi zinazomilikiwa na makampuni ikawa miaka 95 tangu kutolewa. Jambo kubwa katika nyongeza ile ni kwamba ilihusu pia kazi zilizokwishatungwa, zikiwamo za watu waliokufa siku nyingi. Hapo hoja ya kumtia mtunzi moyo inavunjika kabisa, kwa sababu hakuna sheria inayoweza kumtia moyo marehemu atunge wimbo mwingine. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya nchi ile, na wachumi 17, miongoni mwao Kenneth Arrow, Ronald Coase na Milton Friedman, watatu hao wote washindi wa Nobel na watu ambao kwa siasa hawakukaa upande mmoja, waliiandikia mahakama kwamba miaka 20 ya nyongeza inamwongezea mtunzi wa leo motisha ndogo isiyofaa hata kuhesabiwa. Mwaka 2003 majaji 7 dhidi ya 2 waliiacha sheria isimame. Jaji Stephen Breyer, mmoja wa wawili waliopinga, alionyesha kwamba kazi zenye umri wa miaka 55 hadi 75 zinazoendelea kuingiza pesa ni takriban 2 katika kila 100. Zile 98 zinafungwa pamoja nazo, ziwe na mwenyewe au zisiwe naye.

Hoja ya wachumi hao tunaweza kuihakiki kwa shilingi. Chukua 10,000 atakazolipwa mrithi miaka 60 kutoka leo. Kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, ambayo ni ya kawaida kabisa kwetu, thamani yake leo haifiki shilingi 33. Hakuna mwandishi wa Mbalizi anayeamka alfajiri kuandika riwaya kwa ajili ya shilingi 33. Anaandika kwa sababu ana jambo la kusema, na kama kuna pesa inayomvuta, ni ya mwaka huu na miaka michache ijayo. Mbunge wa Uingereza Thomas Macaulay alilisema hili bungeni Februari 1841, muswada wa kufikisha miaka 60 baada ya kifo ulipopelekwa: akaiita hakimiliki kodi wanayotozwa wasomaji ili waandishi walipwe, na akasema kodi hiyo isidumu hata siku moja kupita inavyohitajika kufikia lengo. Alikubali kodi yenyewe. Alichokataa ni kuendelea kuitoza wakati anayestahili malipo hayupo.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda kwa sababu wenye kazi wenyewe ndio walioutoa. Kwa miaka mingi Marekani walikuwa na utaratibu wa kumpa mwenye kazi miaka 28, kisha kumtaka ajaze fomu na kulipa ada ndogo kama anataka muda wa pili. Watafiti William Landes na Richard Posner walipochunguza kazi zilizosajiliwa kati ya 1883 na 1964 walikuta zilizohuishwa hazikufika asilimia 11. Maana yake, katika kila wamiliki kumi, karibu tisa, walipoulizwa baada ya miaka 28 kama bado wanaihitaji hifadhi, hawakuona sababu ya kujaza fomu. Sheria za leo hazimuulizi mtu. Zinawafungia wote, yule mmoja anayehitaji na wale tisa wasiojali.

Watu wa Mafinga na Njombe wana hoja yao, na naiheshimu kwa sababu inatoka kwenye maisha. Wanasema: baba yangu akipanda miti, shamba lile ni langu, na la mwanangu, na la mjukuu wangu. Serikali haiji mwaka wa hamsini kusema sasa msitu ni wa kila mtu. Kwa nini kitabu alichoandika baba kiwe tofauti na mipaini aliyopanda?

Ni tofauti kwa sababu mti ukikatwa na mtu mwingine, wewe huna mti. Ndiyo maana shamba linahitaji mpaka na mlinzi. Wimbo ukiimbwa na kwaya ya Tukuyu, kwaya ya Ileje haijapungukiwa na beti hata moja. Na kuna jambo la pili ambalo kila mwenye shamba huko kusini analijua: miti haijilindi. Mrithi anapalilia, anapogoa, anachimba njia ya moto kabla ya kiangazi, analipa vibarua. Asipofanya hivyo moto wa Oktoba unamaliza kila kitu, na akiliacha shamba kabisa wengine hulichukua. Mrithi wa hakimiliki hapalilii chochote. Anaweza asijue kwamba anamiliki, asipatikane, asichape tena kitabu hata nakala moja kwa miaka 50, na bado haki yake ya kumzuia mwingine inabaki nzima kama siku ya kwanza. Sidhani kama kuna mali nyingine yoyote tunayoiruhusu iishi hivyo.

Na hapa ndipo madhara makubwa yalipo kwa nchi kama yetu. Tunazungumza kana kwamba hatari ya muda mrefu ni bei kubwa, wakati ukweli ni kwamba kazi nyingi zinapotea kabisa. Shirika la uchapishaji la Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948, lilichapa vitabu vingi vya Kiswahili na vya lugha zetu za nyumbani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika nalo likavunjika. Mwandishi aliyewapa mswada wake miaka ya 1950 pengine alisaini karatasi ambayo leo hakuna ajuaye iko kabati gani. Mchapishaji wa leo akitaka kukirudisha kitabu kile sokoni hajui aandikiane na nani, na mwanasheria wake atamshauri aachane nacho. Kitabu kinabaki nakala mbili tatu maktaba, jalada limeng'oka, mchwa wanasubiri zamu yao.

Kwaya ndizo zenye hali ngumu kuliko vitabu. Mbeya na Iringa ni mikoa ya kwaya. Kanda za kaseti za miaka ya 1980 na 1990 zilijaa kila nyumba yenye redio. Wimbo mmoja mara nyingi ulitungwa na watu watatu wanne wakikaa pamoja chini ya mwalimu wa kwaya, na kwenye karatasi ya kanda jina lililoandikwa ni la kwaya na la usharika. Kwa kanuni ya Berne, kazi ya watunzi kadhaa huhesabiwa kuanzia kifo cha yule wa mwisho kuishi. Niambieni ni nani ataweza kuthibitisha, mwaka 2070, ni yupi kati ya waliokaa kwenye benchi lile mwaka 1988 aliyekufa wa mwisho, na lini.

Kuna mfano mwingine wa nyumbani. Kati ya 1934 na 1938, Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi Rungwe wakichunguza maisha ya Wanyakyusa. Mwaka 1951 Monica Wilson alichapisha London kitabu chake kuhusu vijiji vya rika, vile ambavyo vijana walijijengea mbali na baba zao. Ni kazi kubwa ya kitaalamu, na sina neno baya juu yake. Lakini maarifa yaliyomo yalitoka midomoni mwa wazee wa Rungwe, walioketi na wageni wale siku baada ya siku wakieleza matambiko, ndoa, ng'ombe na urithi. Wazee hao kwa sheria si watunzi, kwa hiyo hawakuacha haki yoyote kwa mtu yeyote. Monica Wilson alifariki Oktoba 1982. Kwa sheria ya Tanzania kazi yake inafunguka tarehe 1 Januari 2033. Uingereza, kwa sababu ya ile 70, ni hadi mwisho wa 2052. Kijana wa Kinyakyusa anayetaka kukitafsiri kitabu hicho ili bibi yake wa Masoko asikie yale ambayo babu zake waliyasema, anahitaji ruhusa ya mtu wa ng'ambo. Mumewe Godfrey alifariki mwaka 1944, hivyo maandishi aliyoyaandika peke yake yamekuwa huru kwetu tangu 1995. Utafiti ulikuwa mmoja na wazee ni walewale, ila tarehe za vifo viwili zimetenganisha maandishi yao kwa miaka 38. Mtu aliyekufa kijana anafunguka mapema, aliyeishi sana anachelewa, na hakuna busara yoyote ndani yake inayohusiana na msomaji au na elimu.

Washairi wetu nao wamefuata hesabu hiyohiyo. Shaaban Robert alifariki Juni 1962 akiwa na miaka 53. Amri Abedi alifariki 1964 akiwa na 40. Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo, jirani zetu wa Iringa, alifariki 1969. Kwa sheria ya 1999 kazi walizochapisha wakiwa hai zimekuwa mali ya wote tangu mwanzo wa 2013, 2015 na 2020. Yaani shule ya kata iliyoko Kyela inaweza leo kuchapa tungo zao na kuwapa wanafunzi bila kumwomba mtu, kikundi cha maigizo cha Vwawa kinaweza kuziweka jukwaani, na anayetaka kuzisoma kwa sauti na kuzitoa bure mtandaoni ana ruhusa kamili, ilimradi asichukue maelezo na mpangilio wa mhariri wa karibuni, ambavyo vina haki yake, na asilifute jina la mtunzi. Nimezungumza na walimu wa Kiswahili hapa Mbeya ambao hawakuwa wakijua hata kidogo. Uhuru upo na haujatangazwa.

Najua kinachomkera msanii akisoma hadi hapa. Anasema: wewe unahangaika na miaka 50 baada ya kufa kwangu, wakati mimi naibiwa wiki ya kwanza. Ana haki ya kukereka. Karibu na vyuo vyetu vya Mbeya na Iringa kuna steshenari ambazo kazi yao kubwa ni kutoa kopi za vitabu vizima. Ukishika nakala hizo utaona kurasa zimepinda upande mmoja, maneno ya ukingoni yamekatwa, na mistari ya kalamu ya mwanafunzi wa mwaka juzi imetoka pamoja na maandishi. Mwandishi wa kitabu hicho mara nyingi yuko hai, pengine anafundisha mkoa wa jirani, na hapati senti. Hilo ni kosa na linastahili kukomeshwa.

Ila tuangalie uhusiano wa mambo haya mawili. Sheria inayokataza kila kitu kwa miaka mia inawafundisha watu kwamba haiwezekani kuifuata. Mwenye steshenari hana njia ya kutofautisha kitabu cha mwalimu aliye hai na cha marehemu wa mwaka 1990. Vyote ni marufuku kwa maandishi, vyote vinadurufiwa kwa vitendo. Kama kazi za zamani zingekuwa huru na zinajulikana kuwa huru, ile sehemu iliyofungwa ingekuwa ndogo, inayoeleweka, na yenye mtu aliye hai anayeweza kusimama mahakamani na kusema hiki ni changu, huyu ameniibia. Afisa wa hakimiliki mwenye watumishi wachache angejua aanzie wapi. Hifadhi fupi yenye meno inamfaa msanii wa Mwanjelwa kuliko hifadhi ya karne moja ambayo ipo kwenye karatasi tu.

Basi tufanye nini, ikiwa Berne imefunga 50? Jibu langu lipo katika sheria ambayo Waingereza wenyewe waliitunga mwaka 1911, wakaieneza katika himaya yao, Tanganyika ikiwemo, hadi tulipotunga yetu mwaka 1966. Sheria ile ilitoa maisha na miaka 50, lakini iliigawa ile 50 sehemu mbili. Miaka 25 ya kwanza baada ya kifo, warithi walikuwa na haki kamili. Baada ya hapo, mtu yeyote aliweza kuchapa kitabu na kukiuza, mradi atoe taarifa ya maandishi na kulipa asilimia 10 ya bei ya kila nakala kwa mwenye haki. Mrithi aliendelea kula. Alichopoteza ni uwezo wa kusema hapana. Sheria ileile iliweka pia kwamba mtunzi akiuza haki zake, haki hizo zinarudi kwa warithi miaka 25 baada ya kifo chake hata kama mkataba ulisema vinginevyo, ili mchapishaji aliyezinunua kwa bei ya njaa asizikalie milele. Waliotunga hayo hawakuwa maadui wa waandishi. Ule uamuzi wa Brussels wa 1948 ndio ulioziba njia ya asilimia 10, na Uingereza ikaiondoa ilipotunga sheria mpya mwaka 1956.

Njia haijazibwa kwetu kabisa. Mkataba wa Berne unaibana nchi katika namna inavyozitendea kazi za kigeni. Hifadhi ya kazi ndani ya nchi yake ya asili, mkataba wenyewe unasema wazi, inatawaliwa na sheria ya nchi hiyo. Kwa hiyo Bunge la Dodoma linaweza kuamua kwamba kazi ya Mtanzania iliyotolewa kwanza Tanzania Bara italindwa kikamilifu katika maisha ya mtunzi na miaka 25 baada yake, kisha kwa miaka 25 inayobaki iwe wazi kwa yeyote anayelipa asilimia 10. Malipo yapitie COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi yetu, na ya warithi wasiojitokeza yanunue vitabu kwa maktaba za mikoa. Kazi za wageni zitabaki na 50 yao kamili kama tulivyoahidi.

Mtu ataniuliza, na ni swali zito kuliko yote: utamlindaje mgeni kuliko mwananchi, ndani ya nchi ya mwananchi? Linaumiza kulisikia. Lakini tazama anayepoteza na anayepata. Mtunzi mwenyewe hapotezi hata siku moja. Mjane na watoto wana robo karne ya haki kamili, muda wa kutosha mtoto mchanga kumaliza chuo, kisha robo karne nyingine ya kupokea pesa bila kumiliki mtambo wala kutafuta mchapishaji. Anayepata ni msomaji wa Kiswahili, mwanamuziki anayetaka kuupiga upya wimbo wa babu, mwalimu wa Mkwawa na filamu yake. Hasara ipo moja ya kweli: nchi nyingine, kwa kanuni ya muda mfupi, zinaweza kuikatalia kazi yetu hifadhi ndefu kuliko tunayoitoa wenyewe. Mtunzi mwenye soko kubwa nje anaweza kuguswa, na nadhani yeye apewe fursa ya kusajili kazi yake COSOTA na kubaki na 50 kamili. Atakayejaza fomu ndiye anayeihitaji. Takwimu za Landes na Posner zinanifanya nitarajie foleni fupi.

Kwa upande wa pili tusikubali kusukumwa kwenda juu. Canada ilishikilia 50 kwa miaka mingi, ikapanda hadi 70 mwishoni mwa 2022 kwa sababu ilikuwa sharti katika mkataba wa biashara na Marekani na Mexico. Japan ilikuwa imefanya vivyo hivyo mwishoni mwa 2018. Nchi hizo zina mabepari wa kuuza filamu na katuni dunia nzima. Sisi kwa sehemu kubwa ni wanunuzi, na kila mwaka tunaouongeza ni mwaka wa kulipa nje. Chini ya Shirika la Biashara Duniani, nchi zilizo kundi letu la nchi zenye maendeleo duni zimepewa hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kutekeleza sehemu kubwa ya masharti ya TRIPS, mkataba wa shirika hilo kuhusu hakimiliki na haki nyingine za ubunifu. Hiyo ni nafasi ya kupanga mambo yetu, na anayekuja na rasimu ya mkataba wa biashara yenye namba 70 ndani yake aulizwe kwanza inamfaidia nani Rungwe.

Kabla ya Bunge kugusa chochote, kuna kazi ndogo ambayo haihitaji sheria mpya. Muda wote huu unahesabiwa kuanzia kifo cha mtunzi, na hatuna daftari la wazi linaloonyesha watunzi wetu walifariki lini. RITA wanasajili vifo. COSOTA wana majina ya watunzi. Zikiunganishwa orodha hizo mbili, na kila Januari ikatolewa orodha ya watunzi ambao kazi zao zimefunguka mwaka huo, ikabandikwa maktaba ya mkoa hapa Mbeya, Iringa na Njombe na kutumwa kwa maofisa elimu wa wilaya, mwalimu wa Kyela ataacha kubahatisha, na mwenye steshenari hatakuwa na kisingizio.